Shauri la Mbwa Mwitu

Krismasi imekaribia, bwawa limeganda, na juu ya barafu ameketi mbwa mwitu. Mkia wake umezama katika tundu ambalo wanakijiji hunyweshea mifugo, na mkiani ana ndoo. Ndoo hiyo amefungiwa na mpwa wake, mbweha, aliyemhakikishia kwamba samaki wa humo huingia wenyewe na kazi ya mvuvi ni kutulia tu. Basi ametulia. Usiku unasonga, maji yanaganda, mkia unashikwa. Anapojaribu kuuvuta na kuona hautoki, moyo unamruka kwa furaha: samaki ni wengi mno! Mbweha kajilaza pembeni ya kichaka, pua kaiweka kati ya miguu ya mbele, anatazama. Kunapambazuka, na hapo anatokea bwana mmoja wa shamba, Constant des Granges, pamoja na mbwa wake wa kuwinda. Anachomoa upanga na kupiga, pigo linateleza, mkia unabaki kwenye barafu. Mbwa mwitu anakimbilia msituni nusu mnyama, na wasikilizaji wa Ufaransa ya karne ya 12 wanashika mbavu.

Mbwa mwitu huyo anaitwa Ysengrin, na mbweha ni Renart. Visa vyao vimo katika Roman de Renart, ambayo si kitabu kimoja bali msururu wa tungo zaidi ya 20, zilizotungwa na watu mbalimbali kuanzia miaka ya 1170 hadi katikati ya karne ya 13. Kabla yake, yapata mwaka 1148, mtunzi wa mji wa Ghent, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alikuwa ametunga kwa Kilatini utenzi wa zaidi ya mistari 6,500 juu ya wanyama hao hao. Tumezoea kumwita mtunzi huyo Nivardus, na utenzi wake unaitwa Ysengrimus. Mwanzoni, basi, kazi nzima ilibeba jina la mbwa mwitu. Haikupita miaka 30, mbweha akawa ndiye mwenye hekaya, na mwenzake akabaki hasimu, yule anayehitajika ili shujaa apate wa kumshinda.

Kwamba mjanja humshinda mwenye nguvu, hilo tumelisikia tangu utotoni. Kinachonishughulisha ni sisi tunaosikiliza. Ysengrin anakatwa mkia. Anamwagiwa maji ya moto utosini kwa kisingizio cha kunyolewa utawa. Anachunwa ngozi akiwa hai. Anapigwa na watawa hadi anaachwa kama mfu, mkewe anaingiliwa mbele ya macho yake, na watoto wake wanakojolewa kitandani. Orodha hii ikisomwa mahakamani itamtoa machozi hata karani. Ikisimuliwa kama hekaya, tunacheka na kuomba nyingine. Basi kuna jambo limefanyika kabla ya kicheko, jambo lililotupa ruhusa ya kucheka, na ruhusa hiyo inastahili kuchunguzwa kuliko werevu wa mbweha.

Katika utenzi wa Ghent ruhusa inatolewa mapema kabisa. Mbweha na mbwa mwitu wanamwona mkulima amebeba nyama ya nguruwe begani. Mbweha anajitia kiwete. Anachechemea mbele ya mkulima kwa umbali wa kumtamanisha, karibu ashikwe, asishikwe, mpaka mkulima anatua mzigo ili amkimbize vizuri. Mbwa mwitu anatokea nyuma na kuubeba. Mpango umefaulu, na kila mmoja kafanya sehemu yake. Lakini mbweha anaporudi, ulimi nje, kudai fungu lake, anakuta mjomba amemaliza nyama yote na kumbakizia kamba iliyokuwa imeifunga. Yeyote aliyewahi kuingia ubia na mkubwa, iwe shamba, duka au mashua, anaijua kamba hiyo.

Hapo ndipo hasimu anapozaliwa. Kosa lake si kula nyama, kwani mbweha naye hali majani. Kosa lake ni la mshirika mwenye nguvu anayekula fungu lake, akala na la mwenzake, kisha akashangaa kuona mwenzake amenuna. Mtunzi angeweza kuanza na simba, mkubwa kuliko wote, lakini simba ni mfalme na ufalme una heshima zake. Dubu ni mzito, hana kasi ya uhasama. Hasimu hutafutwa miongoni mwa walio karibu: jamaa wa damu, mla kile kile, mwindaji katika msitu ule ule, aliyezidi kimo kidogo tu kiasi cha kudhulumu na kuachiwa. Ndiyo maana katika hekaya hizi mbweha hachoki kumwita mjomba, na kadiri mtego unavyokuwa mkali ndivyo neno hilo linavyozidi kutamkwa kwa upole.

Kisha likaongezwa kosa la pili, nalo ni la akili. Marie de France, aliyetunga ngano zake kwa Kifaransa nchini Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 12, anasimulia juu ya padri aliyejitolea kumfundisha mbwa mwitu kusoma. Mwanafunzi anaitika A, anaitika B, anaitika C. Padri anaridhika, anamwambia sasa aendelee mwenyewe, aunganishe herufi na kutamka zinasema nini. Mbwa mwitu anajibu: mwanakondoo. Kisa hiki kilipendwa hata kikatoka vitabuni. Ndani ya kanisa kuu la Freiburg, Ujerumani, mbwa mwitu huyo mwanafunzi amechongwa katika jiwe, na waumini waliokuwa hawajui kusoma wakaweza kumcheka asiyeweza kufundishwa.

Mbweha naye ana njaa, tena njaa ya kudumu, lakini njaa yake hupitia kichwani kabla ya kufika mdomoni. Njiani hugeuka kuwa uzushi, maombi, udaktari, hata toba. Njaa ya mbwa mwitu haina njia ya kupita. Kwa hiyo mbweha hana haja ya kumdanganya sana. Humwonyesha tu kile ambacho tayari anakitamani. Rashi, mfafanuzi mkuu wa Talmud aliyeishi Troyes na kufariki mwaka 1105, anakieleza kisa cha kisima chenye ndoo mbili: mbweha yuko chini, mwezi unang'aa majini, na mbwa mwitu anaambiwa kwamba ule mduara mweupe ni jibini. Anapanda ndoo ya juu, anashuka kwa uzito wake, na mbweha anapandishwa. Watunzi wa Kifaransa walikichukua kisima hicho wakakiweka ndani ya ua wa watawa na kubadilisha chambo. Renart aliyekwama chini anasema amekufa na yuko peponi, mahali penye ng'ombe na kondoo wasiohesabika, ila kuingia kunahitaji kuungama. Ysengrin anaungama, anapanda ndoo, na katikati ya kisima wanapishana, mmoja akiagwa na mwingine kwa adabu. Jibini limekuwa pepo, na mlaji ni yule yule. Asubuhi watawa wanavuta maji, wanamvuta yeye, na marungu yanaanza kazi.

Ua wa watawa haukuchaguliwa ovyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliwakataza watawa nyama ya wanyama wa miguu minne, isipokuwa mgonjwa aliyedhoofika kabisa. Mvike joho la kitawa mnyama ambaye kila herufi kwake ni mwanakondoo, na huhitaji kuongeza neno. Nivardus alimwingiza wake katika monasteri ya Ghent kwenyewe, akampeleka hadi ghala la mvinyo kuyafungulia mapipa, akamtoa humo kwa kipigo. Wasikilizaji wake, nao wenyewe wakiwa watu wa kanisa wenye kujua Kilatini, hawakuhitaji kuelezwa ni wakubwa gani wanaokula kondoo waliokabidhiwa kuwachunga. Utenzi haukomei kwenye mafumbo: unamtaja askofu wa Tournai wa siku zile, na mwishoni, baada ya mbwa mwitu kuraruliwa na kundi la nguruwe waliojifanya wanamfanyia ibada, unamlaumu Papa Eugenius III kwa maafa ya Vita vya Pili vya Msalaba.

Kicheko cha namna hii nakitetea. Kinapanda juu. Mwenye joho na ardhi na ghala hawezi kushitakiwa na mtu mdogo, basi hushitakiwa na hekaya. Na kwa kuwa hekaya haina askari wala gereza, adhabu yake hutolewa kwa ukatili wa kupita kiasi, ili angalau mahali pamoja duniani mkubwa alipe. Ngozi ya Ysengrimus ilipochunwa, zilichunwa pamoja nayo zaka na ushuru wa miaka mingi.

Shida inaanza pale mnyama huyu anapoondolewa joho na ruhusa ikabaki.

Katika Roman de Renart, mbwa mwitu kwa sehemu kubwa si askofu tena. Ni mume, ni baba, ni mtumishi wa mfalme, na katika moja ya tungo mashuhuri kuliko zote yeye ndiye mlalamikaji. Simba, ambaye jina lake ni Noble, ameitisha baraza wakati wa sikukuu ya Kupaa. Ysengrin anasimama na kueleza kwamba Renart amemwingilia mkewe, Hersent, na kuwafedhehesha watoto wake. Mfalme anamsikiliza bila hamu. Anamwelewesha kwamba jambo lenyewe ni dogo, kwamba siku hizi hata wafalme wanachezewa wake zao, na kwamba mtu mwenye busara angelinyamazia. Hersent, uso umemwiva kwa aibu, anajitolea kuapa na kupitia jaribio la moto au maji kuthibitisha kwamba hakuwa na hatia. Wanyama wanaanza kutania. Katika utungo mwingine unaohusu shauri hilo hilo, anaitwa ngamia, mjumbe wa Papa na bingwa wa sheria, atoe maoni yake. Naye anayatoa kwa mchanganyiko wa Kilatini na lugha za Italia ambao hakuna anayeuelewa, na baraza linaangua kicheko.

Tazama mambo yalivyogeuka. Aliyekuwa akichekwa kwa sababu hashitakiki, sasa anachekwa kwa sababu ameshitaki. Madai yake ni mazito kuliko nyama ya nguruwe iliyoliwa na mwenzake, ushahidi wake ni wa macho, na amefuata utaratibu kwa kuja mbele ya mfalme badala ya kujichukulia kisasi. Lakini sote tumo ndani ya baraza lile, na sote tunamjua: huyu ndiye yule wa ndoo mkiani. Shauri lake limeshaamuliwa na visa vya nyuma. Mfalme hakasiriki mpaka waingie jogoo Chantecler na kuku Pinte, wakiwa na maiti ya kuku aliyeuawa na Renart. Hapo Noble ananguruma hadi wanyama wanatetemeka. Kilio cha kuku kinasikika kwa sababu kuku hajawahi kupewa jina baya.

Kuna waliolibeba jina la mbwa mwitu nje ya hekaya. Mwaka 1112, mjini Laon, kaskazini mwa Ufaransa, wenyeji walikuwa wamelipa fedha ili waruhusiwe kuunda jumuiya ya kujiendeshea mambo yao. Askofu wao, Gaudry, aliipokea fedha, kisha akasaidiana na mfalme kuifuta jumuiya hiyo. Mwezi Aprili mji ukalipuka. Guibert, abati wa Nogent, aliyeandika habari hizi miaka michache baadaye, anasema askofu alivaa nguo za mtumishi akajificha ndani ya pipa katika ghala la kanisa. Mmoja wa waliomsaka alikuwa Teudegald, mtwana wa kanisa, ambaye Guibert anamweleza kuwa mnyang'anyi na muuaji. Askofu alizoea kumwita Isengrin, kwa sababu ya sura yake ya mbwa mwitu. Teudegald akafika kwenye pipa, akaligonga, akauliza ni nani yumo. Sauti ya woga ikajibu kwamba ni mfungwa. Naye akauliza kama aliyewekwa akiba humo ni bwana Isengrin. Askofu alikokotwa nje kwa nywele, akauawa kwa shoka, na kidole chake kikakatwa ili pete itoke.

Huu ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa tulio nao wa jina hilo, miaka 36 hivi kabla ya utenzi wa Ghent, na tayari linafanya kazi yake yote. Mkubwa alilitupa kwa mdogo kama mzaha. Siku ya siku mdogo akalirudisha, na likamfaa askofu vizuri zaidi, maana kweli alikuwa amekula nyama na kuwaachia wenzake kamba. Sina machozi mengi ya kummwagia Gaudry. Lakini jina lile lilipotamkwa juu ya pipa, kila swali lililobaki lilikatika: fedha zilikuwa kiasi gani, mfalme alichukua ngapi, nani mwingine alihusika, nini kirudishwe kwa nani. Kutoka hapo ilibaki kazi ya shoka.

Sheria za zama zile nazo zilijua njia hiyo fupi. Nchini Uingereza, mtu aliyetangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria alihesabiwa kuwa amebeba kichwa cha mbwa mwitu, na wanasheria wa karne ya 13 waliandika hivyo bila haya: aliyemkuta angeweza kumuua, na hakuna ambaye angemuuliza. Mwaka 1281, Mfalme Edward I alimpa Peter Corbet kibali cha kuwaangamiza mbwa mwitu wote katika majimbo matano ya magharibi mwa nchi. Mnyama na mtu waliwekwa kwenye daftari moja, na hekaya ilikuwa imeshawazoesha watu kutosikia kilio cha yeyote kati yao.

Bara letu nalo linaijua ngano hii. Mwaka 1864, Wilhelm Bleek alitoa kitabu cha ngano za Wakhoikhoi wa Afrika Kusini na kukipa jina la yule mbweha wa Ulaya, kana kwamba amehamia huku. Katika ngano moja, bweha anaona gari la mizigo likitoka pwani limejaa samaki. Analala barabarani kama mfu, mwenye gari anamtupia juu ya shehena, naye anaanza kudondosha samaki mmoja mmoja. Renart aliufanya mchezo huo huo kwa wachuuzi wa samaki karne saba kabla, na gari lile la walowezi linadokeza kwamba huenda kisa kilisafiri nao. Lakini angalia kinachofuata. Fisi anatokea na kula zaidi ya fungu lake. Bweha anamwekea kinyongo. Basi anamfundisha fisi kulala barabarani kama alivyolala yeye, na fisi anapigwa vibaya. Hata katika nchi isiyo na mbwa mwitu, kiti cha hasimu kilipata wa kukikalia, na alilipia kosa lile lile la kula fungu la mwenzake.

Na sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi tusijitoe. Tulimcheka fisi kabla hatujajua kuandika majina yetu, na mpaka leo tunasema njia mbili zilimshinda. Sijui ngano hata moja ambamo fisi alikwenda mbele ya wazee kushitaki na akasikilizwa.

Atakuwepo wa kuniambia: unamtetea nani? Ysengrin akiachiwa leo, kesho zizi litakuwa tupu. Ni kweli, na watunzi hawakumsingizia. Wala siombi ageuzwe malaika; hekaya yenye hasimu asiye na kosa ni mahubiri. Wahenga walishasema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ugumu wa methali hiyo uko pale anayedai haki anapokuwa si mnyonge bali mbabe wa jana, mlafi, mjinga, mtu ambaye kijiji kizima kina kisa chake cha kuchekesha. Kumpa haki mtu tunayemhurumia si kazi ngumu. Mahakama hupimwa siku anaposimama yule ambaye kumsikiliza kunatuharibia mchezo.

Mtunzi mmoja wa Alsace aliliona hilo mapema. Heinrich, aliyetunga hekaya ya mbweha kwa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 12, anasimulia simba anayeugua kwa sababu sisimizi amemwingia sikioni. Mbweha, ambaye ana kesi nzito ya kujibu, anafika akiwa mganga. Dawa, anasema, ni ngozi ya mbwa mwitu na ngozi ya dubu, na kwa bahati njema wote wawili wapo hapo hapo, wamekuja kumshitaki. Simba hasiti. Ngozi zinatolewa barazani, sisimizi anatoka, mfalme anapata nafuu, na mashitaka hayana tena wa kuyasoma. Kisha mganga anamchanganyia mfalme kinywaji cha mwisho, anaondoka kwa utulivu, na kinywaji hicho ni sumu. Kabla hajafa, simba alikuwa ameshawachuna wote ambao wangeweza kumwambia mganga wake ni nani.